Ayala wa Marekani, kondoo wa Kongwa au tandala wa Ruaha: usomee prioni kwa mnyama yupi?

Wadau wa Dom, mbukwenyi. Juzi saa tano usiku mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma masters ya bailojia hapa hapa mjini, kanitumia meseji, "Shikamoo kaka, Jumatatu natakiwa nitaje mnyama na mpaka sa hivi sina mnyama." Mada anayo. Anataka kusoma jeni zinazofanya mnyama huyu augue ugonjwa wa prioni haraka na mwenzie waliyelala naye zizi moja achelewe au asiugue kabisa. Alianzia kusoma kuhusu ayala wa Marekani akanogewa, sa anajiuliza abaki na hao ayala, au ashuke kwa kondoo na mbuzi wetu, au ajitose kwa tandala. Nilianza kumjibu kwa meseji ikawa ndefu mpaka simu ikapata moto, nikaona bora niiweke hapa, maana najua hayuko peke yake.

Mi ni mtu wa mifugo, sio profesa, kwa hiyo ntaongea kama mtu wa mifugo.

Prioni kwanza, kwa ambao hawajakutana nayo. Sio bakteria, sio virusi, ni protini ya mwili wenyewe, iko kwa wingi kwenye seli za neva, kila mnyama anayenyonyesha anayo na haina shida yoyote. Shida inakuja ikijikunja vibaya, maana ikishajikunja vibaya inazilazimisha na zile nzima zijikunje kama yenyewe. Ni kama msusi akikosea mstari wa kwanza, mistari yote inayofuata inafuata kosa, mpaka kichwa kizima kimeharibika, na hapa kichwa kinaharibika kweli, ubongo unatoboka vitundu kama sponji. Dawa hamna, chanjo hamna. Stanley Prusiner ndo alileta hilo jina la prioni mwaka 1982, watu wakambishia sana, 1997 akachukua Nobel.

Sa jeni inaingiaje? Jeni inayotengeneza hiyo protini inaitwa PRNP. Ikibadilika herufi moja tu, protini inatoka na asidi amino (vile vipande vinavyoungana kuijenga) tofauti sehemu moja, na hiyo tofauti ndogo inaweza kufanya protini isikunjike kirahisi. Turudi kwa msusi, ni kama umempa rasta za aina nyingine, zinateleza, lile kosa halishiki. Ndo maana wanyama wawili wanakula majani yale yale, mmoja anakufa mwingine anadunda.

Tuanze na ayala, na hapa naomba tusichanganye. Wengi neno hili tumelisikia kanisani tu, na tukiona picha yake tunasema kulungu. Kulungu ni wetu, yuko kwenye kundi moja na ng'ombe na mbuzi, pembe zake zikishaota ndo hizo hizo mpaka afe. Ayala pembe zinadondoka kila mwaka zinaota nyingine. Tanzania hatuna ayala wa porini hata mmoja, kwa hiyo ugonjwa wao sio kitu cha kukukosesha usingizi Dodoma, ila kama somo la jeni, aisee ni shamba limelimwa vizuri.

Ugonjwa wao ni wa kudhoofika, wenyewe wanauita kwa kifupi CWD. Ulionekana 1967 kwa ayala waliofungiwa kituo cha utafiti Fort Collins, Colorado, wakikonda, mate yanawatoka, kichwa kimeinama, watu wakadhani lishe mbaya. Ilikuja kuchukua mpaka 1978 ndo daktari wa wanyama Elizabeth Williams akaangalia ubongo kwenye hadubini akajua ni familia ile ile ya skrepi, ugonjwa wa prioni wa kondoo. Mwaka 1981 ukakutwa kwa mnyama wa porini, leo uko kwenye majimbo zaidi ya 30 ya Marekani, uko Kanada, ulifika Korea Kusini kwa wanyama walionunuliwa kutoka Kanada, na 2016 ukaibuka Norwei kwa reinidia, wale wa kwenye kadi za Krismasi. Norwei hawakucheka, walimaliza kundi zima la Nordfjella, wanyama zaidi ya 2,000, kwa sababu ya wagonjwa 19.

Sa kwenye jeni. Ayala mkia mweupe tofauti yake maarufu iko namba 96 kwenye mstari wa asidi amino za protini hiyo, wengi wana asidi amino ya glisini pale, wachache wana serini. Mwenye glisini pande zote mbili, baba na mama, ndo anaumwa haraka. Mwenye serini anaumwa kwa nadra zaidi na anachukua muda mrefu zaidi. Kuna ayala mwingine wa magharibi mwenye masikio makubwa kama ya punda, kwake ni namba 225, na hapa takwimu zinatisha, kwenye wale waliopimwa Colorado na Wyoming uwezekano wa mwenye serini mbili kukutwa na ugonjwa ulikuwa kama mara 30 ukilinganisha na aliyerithi fenilalanini upande mmoja. Halafu kuna wapiti, yule mkubwa mwenye pembe kama mti mkavu, yeye ni namba 132. Walipowalisha ugonjwa kwa makusudi, wenye methionini mbili walifika mwisho ndani ya miaka miwili hivi, mchanganyiko miaka mitatu na zaidi, wenye leusini mbili wakaenda mpaka kama miaka mitano.

Mdogo wangu hapo ndo aliponogewa, akaniandikia "kaka hao wa leusini ni kinga kabisa." Nikamwambia hapana, soma tena. Wamechelewa. Hawajakataa.

Hili naomba nilikalie kidogo maana ndo linaamua kila kitu hapo chini. Kuna mnyama anayeukataa ugonjwa na kuna anayeuchelewesha, na kwenye karatasi wote wawili wanaandikwa wana ukinzani. Mnyama anayechelewa ameshaambukizwa, ila anatembea, anakula, anapanda majike, na huku mate, mkojo na mavi yake yanamwaga prioni kwenye nyasi, na prioni ikishika udongo hasa wa mfinyanzi inakaa miaka. Yule anayeumwa haraka anakufa haraka. Sa kwa kundi, nani mbaya zaidi? Hilo swali watu bado wanalipigia hesabu, na mi nikiona tangazo la dume la ayala mwenye jeni nzuri la kwanza naloangalia ni kama wamesema hapati au wamesema hafi mapema.

Na kuna jingine. Ugonjwa ukipita kwenye ayala wenye jeni hizi za nadra, namba 95 na 96, umekutwa unatoka na sura mpya, aina waliyoiita H95+, yenye tabia tofauti na ile ya kwanza. Yani unafunga mlango wa mbele, mgeni anajifunza dirisha. Kwa hiyo kwa ayala mpaka leo hakuna jeni hata moja unayoweza kusimama ukasema hii haiambukizwi. Pamoja na hayo wafugaji wa ayala huko wanapima maeneo mengi ya vinasaba kwa mpigo na kuchagua madume, na Oklahoma mwaka 2024 walipitisha sheria ya kujaribu kuachia porini ayala wa zizini waliochaguliwa. Mi roho inasita, porini huchagui nani apande nani, ila tuwape muda.

Kwa mwanafunzi, uzuri wa ayala ni kwamba data ziko mtandaoni bure, mfuatano wa PRNP umejaa huko, unahitaji laptopu, bando na shingo isiyochoka. Huhitaji kibali cha mnyama, huhitaji barafu. Ubaya wake, siku ya kutetea kazi kuna mtu mmoja kwenye jopo, huwa yupo siku zote, atavua miwani atakuuliza hii inamsaidia nini mfugaji wa Chamwino, na wewe mnyama wako hujawahi hata kumnusa.

Sa kondoo. Hapa ndo nyumbani na hapa sitajifanya sina upande.

Skrepi ya kondoo inajulikana Ulaya tangu miaka ya 1700, ndo babu wa magonjwa yote ya prioni kwa kujulikana. Kondoo anawashwa, anajisugua mpaka manyoya yanatoka, anatembea kama amelewa, anakonda, anakufa. Kwenye jeni wanaangalia sehemu tatu, namba 136, 154 na 171, na wanaziandika kwa herufi, moja kwa kila sehemu, ARR ndo nzuri kuliko zote, VRQ ndo mbaya kuliko zote. Na tofauti na ayala, kondoo mwenye ARR kutoka kwa baba na mama anakaribia sana kuwa yule anayekataa, sio anayechelewa, kwa skrepi ya kawaida. Uingereza walianza mpango wa taifa 2001, wakapima madume, wenye VRQ wakatolewa kwenye uzazi, wenye ARR wakapandisha, na skrepi ya kawaida ikashuka mpaka ikawa ya kutafuta. Aisilandi walihangaika miaka na miaka, wanachinja kundi zima, wanasugua mabanda, wanasubiri, wanaleta kondoo wapya, ugonjwa unarudi, kuna zizi ulirudi baada ya miaka 16. Mwaka 2022 wakagundua kumbe kuna kondoo wao wachache wana ARR, ilikuwa sherehe.

Ila hata hapo kuna mwiba. Kuna skrepi nyingine isiyo ya kawaida, iligunduliwa Norwei 1998, hiyo ARR haiiogopi. Kwa hiyo ukiandika "kinzani" andika kinzani kwa nini.

Mbuzi nao wana zao, namba 222 wakiwa na lisini na namba 146 wakiwa na serini, zote zinakinga vizuri, na Ulaya wameshazitambua kuwa ni za ukinzani. Ile ya 146 ilitamba sana Saiprasi, na imekutwa pia kwa mbuzi Boer, wale wakubwa wa nyama, na sote tunajua sa hivi kila mtu Dom anataka dume la Boer alipandishe na mbuzi wake wa kienyeji. Ona sasa swali linavyojileta lenyewe! Watu wanaleta damu mpya kwa ajili ya kilo, je inakuja na herufi gani kwenye PRNP? Na wale mbuzi wetu wa Kigogo wana herufi gani kabla hatujawachanganya? Na wale kondoo kichwa cheusi wa Kongwa wenye mafuta mkiani? Hilo ni swali la mtu wa hapa, huwezi kulijibu ukiwa Wisconsin, Marekani.

Nikupe na kisa kimoja. Mwaka juzi mzee mmoja upande wa Chamwino alinipigia, kondoo jike anajisugua kwenye boma la miiba tangu asubuhi. Nikaenda. Nikamkuta kweli, ubavu wa kushoto umebaki ngozi tupu, nyekundu, manyoya yamening'inia kwenye miiba kama pamba, ukimkuna mgongoni kwa kidole anatafuna hewa, midomo inacheza. Huyo kondoo wa kutafuna hewa ukimkuna ndo dalili ile ile wanayoiandika kwenye vitabu vya skrepi, moyo ulinipiga paaa. Nikakwangua ngozi, nikaenda kuangalia, upele. Wadudu wamejaa. Sindano mbili za ivermektini, wiki tatu mbele anakula na wenzie na manyoya yameanza kuchomoza. Mzee akaniuliza, "We ulipoona ulinyamaza, ulidhani nini?" Nikamwambia nilidhani upele. Nilidanganya, lakini ningesema neno lile, ningemharibia soko lake na la majirani.

Na hili mdogo wangu nakusisitiza ukichagua kondoo au mbuzi: kupima jeni sio kupima ugonjwa. Ukikuta kondoo ana VRQ haina maana anaumwa, ina maana angekutana nao angeumia. Ukilitamka neno skrepi kizembe mnadani Msalato, hiyo siku hakuna kondoo atakayenunuliwa, na wewe na daftari lako watakutafuta.

Kwenye kazi yenyewe, sampuli ni rahisi. Unahitaji damu kidogo au kipande cha sikio ukubwa wa kifungo cha shati, mnyama yuko hai na mwenye mali anaangalia, au unasimama machinjioni unachukua sikio ambalo lingetupwa. Hugusi ubongo. Ubongo waachie wenye maabara ya hiyo kazi, maana prioni haifi kwa fomalini, haifi kwa kuchemsha sufuriani, inataka magadi makali ya maabara au klorini ya nguvu au mvuke wa nyuzi 134. Kosa ambalo naliona kwa wanafunzi wengi ni kwenda boma moja wakachukua sampuli 40 wakafurahi. Boma moja lina dume mmoja au wawili, hao 40 ni ndugu, umepima familia moja ukadhani umepima Dodoma. Chukua wawili watatu kila boma, maboma mengi, Kongwa, Bahi, Mpwapwa, Kondoa, na uliza dume alitoka wapi. Hiyo ya kuuliza dume haina gharama na inaokoa thesis.

Na usije ukamwambia mfugaji achinje madume yote yasiyo na ARR. Dume wetu kapita kwenye ukame, anatembea kilomita kumi kwenda maji, ana mafuta ya akiba, hivyo navyo ni vinasaba. Ukichuja kwa herufi moja tu unaweza kubaki na kondoo asiyepata ugonjwa ambao haupo na anayekufa na kiangazi ambacho kipo.

Tandala sasa, huyu nitapita haraka japo ndo mwenye hadithi tamu. Kichaa cha ng'ombe kilipogundulika Uingereza 1986, chanzo kikiwa chakula kilichochanganywa unga wa nyama na mifupa, walioumia sio ng'ombe tu. Kwenye bustani za wanyama wakaanza kufa nyala, pofu, choroa, duma, na tandala wakubwa wa bustani ya London. Tandala ndo waliowashangaza watu, maana baadhi yao hawakuwahi kula kile chakula, wakaugua tu. Yule yule tandala mwenye pembe za kuzunguka ambaye ukienda Ruaha unampiga picha mpaka simu inajaa. Kwa hiyo swali la PRNP ya tandala ni zuri mno, na ameumia kwa ugonjwa tunaoujua, sio wa kufikirika. Lakini kupata sampuli za mnyama wa hifadhi unaanza na vibali, TAWIRI (watafiti wa wanyamapori), TANAPA (wenye hifadhi za taifa), barua ya chuo, barua ya kujibu barua, kisha usubiri anayempiga mnyama sindano ya usingizi kwa shughuli nyingine umuombe akukatie kisikio. Masters ni miaka miwili. Hesabu mwenyewe. Mi ningemuweka tandala kwenye PhD, au nimuweke kama aya moja ya mwisho.

Sa nani achague nini. Kama huna hela ya fildi hata ya mafuta ya bodaboda na unaipenda kompyuta, kaa na ayala, ila uchague wapiti au yule wa masikio ya punda, kwa sababu kwao ni sehemu moja ya jeni yenye tofauti kubwa na utaweza kuieleza ukasimama, na pale ugonjwa ulipokaa muda mrefu wameshaanza kuona zile herufi za kuchelewa zikiongezeka kwenye kundi, hiyo ni mageuko yanatokea unaangalia. Mkia mweupe amesomwa mno, utaonekana unarudia. Kama una mjomba TANAPA na miaka mitano, tandala. Wengine wote, na namaanisha wewe mdogo wangu, mbuzi. Mbuzi kabla ya kondoo. Nilianza kuandika nikiwa nasema kondoo, lakini nikiangalia hiyo ishu ya Boer inavyokwenda kasi, ukisubiri miaka mitano hutapata mbuzi wa kienyeji asiyechanganywa wa kulinganisha naye. Ayala mpe sura ya pili ya thesis, ndo mfano mzuri kuliko wote wa kuonyesha kwamba kuchelewa sio kukataa, na hapo yule wa kuvua miwani atakuwa hana la kusema.

Kanijibu leo mchana. Kachukua mbuzi, sehemu mbili, 146 na 222, na supavaiza kakubali kwa sharti aanze na sampuli kumi za majaribio. Kwa hiyo Jumanne saa kumi na moja alfajiri tunaonana Kizota machinjioni, kisanduku cha barafu ntabeba mimi, gambuti aje na zake maana za kwangu ni namba tisa.